Kamwene kutoka Kilindoni

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 nilikuwa nashona sketi za marinda. Shule moja ya hapa Iringa ilikuwa imeniletea oda ya sare, na zilikuwa zimebaki sketi tisa. Marinda hayataki haraka. Ukikosea rinda moja tu, kiuno kizima kinapinda. Nalikumbuka hilo kwa sababu usiku ule na siku iliyofuata mikono yangu ilikuwa Kihesa na moyo wangu ulikuwa Mafia, lakini zile sketi zilitoka sawasawa. Mpaka leo sijui zilitokaje.

Rafiki yangu alikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, na kimbunga kilikuwa kinakaribia. Mimi namwita Mwalimu, yeye ananiita Fundi, na tulianza kuitana hivyo yeye hajawa mwalimu na mimi sijashika cherehani. Ilikuwa michezo ya utotoni hapa hapa Kihesa: yeye alikuwa akiyafundisha magunzi ya mahindi kusoma, mimi nikiyavisha vitambaa.

Alipopata ajira Mafia, wote wawili tulikuwa hatujawahi kuiona bahari. Mama yake alilia siku nzima. Mwalimu akaja kwangu na atlasi, akaifungua juu ya meza ya kukatia, akachukua rula yangu ya mbao na kuilaza kutoka Iringa kwenda kulia. Rula ikapita Udzungwa, ikashuka mpaka pwani, ikaingia baharini na kugusa kisiwa. "Unaona?" akasema. "Tuko mstari mmoja, karibu digrii 8 kusini ya ikweta, wewe na mimi. Ukitazama mashariki unanitazama mimi." Kisha akanionyesha kwa kidole Ruaha Mdogo unaopita pale Ipogolo, unavyoingia Ruaha Mkuu, ukapita Mtera na Kidatu, ukaishia Rufiji, na midomo ya Rufiji inavyomwaga maji mkabala kabisa na Mafia. "Kwa hiyo maji mnayofulia yanakuja kwangu." Tangu siku ile sijavuka daraja la Ipogolo bila kuyatazama maji.

Habari za kimbunga zilianza siku chache kabla. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatoa taarifa, na redio inazirudia kila saa: kuna mgandamizo mdogo wa hewa baharini, unaimarika, unasogea pwani yetu. Ukapewa jina, Hidaya. Mwalimu aliniandikia kuwa majina hupangwa mapema kwa herufi na hilo lilikuwa la nane kwa msimu ule. Kwa Kiswahili hidaya ni zawadi, tunu unayompa mtu. Mama mwenye nyumba wake, mtu mzima mzaliwa wa Mafia, alikataa kabisa kulitamka. Alikuwa akisema tu, "Huyo anayekuja."

Alhamisi usiku tulichati kirefu, maana bando lilikuwepo na chaji ilikuwepo. Nilimwambia apande boti arudi bara. Akajibu kuwa vyombo vimefungwa, hakuna anayeruhusiwa kutoka, na hata vingeruhusiwa asingewaacha wale watu aliokuwa anaishi nao. Akanieleza pia, kama ilivyo kawaida yake kufundisha, kwamba vimbunga huwa haviji huku kwetu mara kwa mara. Kinachouzungusha upepo ukawa kimbunga ni mzunguko wa dunia yenyewe, na nguvu yake karibu na ikweta ni ndogo. "Ndiyo maana watu hawajui wafanye nini," aliandika. Bi Mkubwa, yule mama mwenye nyumba wake, alikuwa amesimuliwa na mama yake habari za kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952. Hicho ndicho pekee alichowahi kukisikia.

Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, simu yake ya kupangusa ataizima na kubaki na kitochi, na kila saa atanitumia neno moja tu: Kamwene. Ni salamu ya kwetu, kila aliyepita Iringa anaijua. Likifika hilo, nijue yupo. La pili, mimi nitakuwa sikio lake. Nitasikiliza redio usiku kucha, nitaandika kila taarifa, nitaifupisha iingie kwenye meseji moja na kumtumia. Redio yangu ni ya betri, na cherehani yangu ni ya miguu. Nilijiona nimejiandaa kabisa.

Nikachukua daftari la vipimo, lile ninaloandika kiuno, nyonga na urefu wa wateja, nikafungua ukurasa mpya na kupiga mstari katikati. Kushoto saa, kulia maneno.

Ijumaa, Kamwene ya saa mbili usiku ilifika. Ya saa tatu, ya saa nne, zote. Saa tano akaongeza kidogo: "Kamwene. Bahari inanguruma mpaka huku ndani." Mimi nikamwandikia redio ilichosema: wavae viatu hata wakiwa ndani, wakae mbali na madirisha, wasikae chini ya miti. Akajibu, "Hapa kila mahali ni chini ya minazi."

Lililonitesa ni utulivu wa huku kwetu. Mvua za Iringa zilikuwa zimeshaisha, baridi ya Mei ilikuwa imeanza. Nilitoka uani kumwaga maji nikasimama. Nyota zote zilikuwepo. Mparachichi wa jirani haukutikisa hata jani. Nikatazama mashariki, kule ilikoelekea rula. Nilijisikia vibaya kusimama mahali salama kiasi kile, nimejifunga blanketi, wakati mtu niliyekula naye mahindi ya kuchoma amekaa sakafuni anasikiliza misumari ya bati ikilia. Bado sijapata neno la hali ile. Woga si woga, maana hakuna kitu kinachokufuata.

Kama saa nane na kitu usiku umeme ukakatika. Nilidhani ni mtaani kwetu. Kumbe sehemu kubwa ya nchi ilikuwa gizani, nikasikia baadaye kwenye redio. Nikawasha mshumaa na kuendelea na marinda. Nilipoandika "hata huku umeme umekatika", Mwalimu alijibu haraka kuliko usiku wote: "Afadhali. Yaani si afadhali, ila nimefurahi." Nilimwelewa.

Alfajiri ya Jumamosi meseji zake zikabadilika. Nazinakili zilivyo daftarini.

Saa 11: "Kamwene. Upepo umeamka. Minazi inalala na kuinuka."

Saa 1: "Kamwene. Nazi zinapiga bati kama mtu anatupa mawe."

Saa 2 na nusu: "Kumetulia. Bi Mkubwa anataka akaangalie mbuzi."

Hapo nilisimamisha cherehani. Redio ilikuwa imetaja jambo hilo usiku: mvua na upepo wa kimbunga huja kwa mikanda, na kati ya mkanda na mkanda kunaweza kutulia ukadhani kumekwisha. Nikaandika kwa herufi kubwa, mambo nisiyoyafanya kamwe, ASITOKE. Hazikupita dakika nyingi likarudi jibu: "Umerudi. Mkali kuliko mwanzo. Bi Mkubwa anasema asante mwanangu."

Saa 4: "Kamwene. Bati moja la jikoni limeng'oka. Tumekaa chumba cha kati, watu watano."

Halafu kimya. Saa tano hakuna. Saa sita hakuna. Nikipiga, sauti ya yule dada wa mitambo inaniambia simu haipatikani. Nilimaliza sketi ya mwisho na sikuwa na kingine cha kushona, kwa hiyo nikafumua pindo la gauni langu mwenyewe na kulishona upya. Mama mmoja alikuja kuchukua oda yake, akanikuta nalia na sindano mkononi. Hakuuliza. Akakaa nami kidogo, akaenda zake akaniletea chai ya tangawizi kwenye chupa.

Saa nane mchana simu ikalia. "Kamwene. Tuko shuleni, madarasa ya zege. Sote wazima." Nilipiga magoti palepale kati ya vitambaa. Nikanywa ile chai, nikala kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Na saa tisa na robo ikaingia nyingine.

"Paa linaondoka. Fundi niombee."

Nilisoma mara nyingi sana maneno yale manne. Kichwani kwangu lilikuwa paa la shule. Walishahama, wakadhani wamepona, na sasa huko walikokimbilia ndiko kunakofumuka. Nilituma meseji sijui ngapi, na hakuna iliyothibitisha kufika. Mtandao wa kwetu nao ulikuwa umedhoofika, vimstari vya simu vinatokea na kupotea, nadhani kwa sababu minara ilikuwa imekaa bila umeme tangu usiku. Chaji ilikuwa imebaki kidogo sana. Nikafunga mlango, nikatembea kwa miguu mpaka Gangilonga, karibu nakimbia.

Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wazee wanasimulia kuwa Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa akipanda pale kutafakari. Sikuwa nawaza hayo wakati ule, nilikuwa nawaza mtandao tu. Juu ya jiwe nilikuta watu wengine sita saba wamenyanyua simu kama mimi. Mzee mmoja alikuwa anamtafuta mwanawe Mtwara. Binti wa chuo alikuwa anatafuta nyumbani kwao Kilwa. Kijana mwenye pawabenki alikuwa anawagawia watu chaji dakika tano tano, bila kumdai mtu hata senti. Hatukujuana majina, lakini kila simu iliyolia, wote tuligeuka kumtazama mwenyewe usoni kabla hajaisoma.

Nikasimama pembeni kabisa, nimetazama mashariki. Mji uko chini, umetulia, moshi wa majiko umenyooka juu. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, upo?" Yule mzee akaitikia, "Atakuwepo, binti yangu."

Jua lilikuwa limeshaanza kuzama simu ilipolia. "Paa gani tena? Hiyo niliituma saa tano. Tulihama baada ya hapo. Tupo, Fundi. Upepo unapungua."

Meseji ilikuwa imekwama njiani zaidi ya saa nne. Iliyotumwa baadaye ilitangulia kufika, iliyotumwa kwanza ikaja nyuma, na simu yangu iliandika saa ya kufika tu, si ya kutumwa. Kilichokuwa kimenichanachana mchana kutwa kilikuwa kimeshapita kabla sijakijua. Niliketi juu ya jiwe nikatetemeka, na yule binti wa Kilwa akanishika mkono ingawa yeye alikuwa bado hajajibiwa. Nilibaki naye mpaka alipojibiwa. Mama yake alikuwa ameokoa godoro na kuku, maji yameingia ndani, watu wazima. Mzee wa Mtwara alikuwa ameshampata mwanawe mapema akaamua kubaki tu, anatungoja.

Usiku ule redio ikatangaza kuwa kimbunga kimepoteza nguvu baada ya kuingia Mafia. Nilimwandikia Mwalimu maneno yote, bila kufupisha. Hakujibu. Alikuwa amelala, na safari hii nilijua amelala.

Alikuja Iringa likizo ya Juni. Alishuka Ipogolo na kapu la nazi, nyingi zikiwa ni za upepo ule ule, Bi Mkubwa alizikusanya na kusema moja ni ya "yule aliyesema nisitoke". Tulikaa kwenye chumba cha kushonea mpaka usiku mkubwa. Aliniambia mambo ambayo hayakuwa kwenye meseji: jinsi walivyotoka watu watano wameshikana kanga kiunoni, Bi Mkubwa katikati, na jinsi bati lilivyopita juu yao likizunguka bila sauti, kwa sababu upepo ulikuwa umemeza kila sauti nyingine. Mbuzi wawili hawakuonekana tena.

Nikamtolea daftari la vipimo. Alisoma ukurasa wote polepole, kisha akafungua mkoba wake akatoa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Akaanza kuweka namba pembeni ya kila meseji kwa mpangilio aliozituma yeye. Moja, mbili, tatu. "Paa linaondoka" niliyoiandika ya mwisho mwisho, akaipa namba yake, akachora mshale kuirudisha juu mahali pake, kabla ya "Tuko shuleni".

Halafu akaona pengo kati ya saa tisa na robo na magharibi, mistari mitupu ambayo sikuwa nimeandika kitu.

"Hapa ulikuwa wapi?"

"Juu ya jiwe."

Akainama, akaandika kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Juu ya jiwe.*