Fremu ya Miwani Iliyonikaa Sawasawa

Mimi ni fundi wa kushona hapa Bombo, Uganda, na kwa kuwa macho yangu yanahitaji lenzi za hasi 7, yaani lenzi kali za mtu asiyeona mbali, nikivua miwani ninaona sawasawa hadi umbali wa sentimita 14 tu, umbali ambao hakuna anayeweza kuinamia sindano ya cherehani bila kuhatarisha paji lake la uso. Ndiyo maana miwani mipya iliponisumbua mwaka jana, kazi yangu yote ilisumbuka pamoja nami.

Fremu ile aliichagua binti wa dada yangu: kubwa, nyeusi, ya plastiki nene. Nilijitazama kwenye kioo cha dukani, nikapendeza, nikalipa. Kila nilipoinama kushona, ikateleza hadi ncha ya pua, hasa jua la mchana lilipopamba moto na jasho likaanza kutoka. Jioni kichwa kiliniuma, na nyuma ya masikio kulikuwa na alama nyekundu. Hata maandishi ya kwenye teksi nilianza kuyaona kwa ukungu, nikaamini kwamba macho yamezidi kuharibika.

Nilirudi kupimwa Kampala, katika duka jingine, na nambari ya macho ikaonekana haijabadilika hata kidogo. Fundi wa pale, mzee mpole, aliigeuza miwani yangu mkononi, kisha akaniuliza, “Mama, wewe ukimpima mteja gauni, unaanza na rangi ya kitambaa au na mabega?” Nikamjibu kwamba ninaanza na mabega. Basi yeye akaanza na pua.

Alinieleza kwamba lenzi kali ya hasi hupungua nguvu inaposogea mbali na jicho, kwa hiyo miwani iliyoteremka puani ilikuwa ikinipa nambari ndogo kuliko ile iliyoandikwa na mpimaji. Daraja la fremu ile, yaani sehemu inayokaa juu ya pua, lilikuwa limetengenezwa kwa pua iliyoinuka na nyembamba, ilhali yangu ni pana na ya chini. Na kwa kuwa plastiki yake haikuwa na vishikio vya puani vya kurekebishwa, hapakuwa na namna ya kuizuia. Nilikasirika kidogo, si kwa sababu ya maelezo yake, bali kwa sababu mimi mwenyewe nisingemkabidhi mteja nguo isiyomkaa mabegani halafu nimwambie ataizoea.

Kosa la pili lilikuwa limejificha zaidi. Umbali kati ya mboni zangu mbili ni milimita 60, lakini lenzi zilikuwa zimekatwa kwa milimita 64, kwa sababu duka la kwanza halikunipima kabisa. Kila jicho lilikuwa likitazama milimita 2 pembeni mwa kitovu cha lenzi yake, na kwa lenzi kali kama zangu, jambo hilo huipotosha njia ya mwanga kiasi cha kuyafanya macho yajivute siku nzima ili picha mbili zikutane. Sasa nikajua maumivu ya kichwa yalikotoka.

Akanionyesha pia tarakimu zilizochapwa upande wa ndani wa mkono wa fremu, ambazo nilikuwa nikizidhani ni nambari za kiwandani. Yangu ilisomeka 56, 20 na 145: upana wa lenzi, upana wa daraja na urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Tulipojaribu fremu nyingine, niliishia kwenye 48, 18 na 135, ya chuma chepesi, yenye vishikio laini vya silikoni ambavyo alivipanua kwa koleo ndogo hadi vikalala bapa puani. Lenzi ikiwa ndogo, ukingo wake haunenepi sana, na uzito unapungua. Kwa mtu wa hasi 7 hilo si urembo tu.

Kabla ya kulipa niliinama kana kwamba ninatunga uzi, nikatikisa kichwa, nikacheka kwa nguvu mbele ya wateja wengine ili nione kama mashavu yataisukuma juu. Haikusogea, wala kope hazikugusa lenzi. Mikono yake ilipinda mahali hasa sikio linapoanzia, bila kubana kichwa pembeni. Lenzi zilipokuwa tayari, alipima tena umbali wa mboni kwa rula yake ndogo kabla ya kunikabidhi.

Siku tatu za kwanza sakafu ilionekana kama imeinuka, kisha hali hiyo ikaisha, na maumivu ya kichwa hayajarudi tangu hapo. Skrubu hulegea kwa joto na kazi, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili hivi ninapokwenda Kampala kununua vitambaa, humpitia mzee anikazie.