Ada ya kutofika, na saa za kusubiri

Tangu juzi mimi na mdogo wangu tunabishana juu ya mstari mmoja kwenye fomu ya kliniki yake. Yeye ni mtaalamu wa fiziotherapia, amejiajiri, na mstari wenyewe unasema kwamba mgonjwa atakayekosa miadi bila kutoa taarifa saa 24 kabla atatozwa nusu ya gharama ya huduma. Alinitumia niupitie kama una makosa ya lugha. Sikuona kosa la lugha. Nikamjibu: "Na wewe ukichelewa je?" Hapo ndipo moto ulipowaka.

Nimtendee haki kwanza. Asiyewahi kuona kliniki ndogo inavyoendeshwa hudhani kwamba mgonjwa asipotokea, mtaalamu anapata nafasi ya kupumzika. Nimeshakaa pale siku ya namna hiyo. Kitanda kimetandikwa shuka safi, msaidizi yupo na mshahara wake unahesabika, kodi ya chumba nayo haisubiri mtu. Mwenyewe anapiga simu, inaita mpaka inakata, anapiga tena, sasa imezimwa. Hawezi kuita mwingine kwa ghafla, maana waliokuwa wakiitaka saa ile walishaambiwa imejaa. Kinachomuuma zaidi, anasema, ni mama mmoja mwenye bega lililokakamaa aliyeambiwa arudi wiki ijayo, kumbe nafasi ilikuwepo.

Kwa hiyo sibishi kwamba hasara ipo. Ninachobishia ni kwamba hasara hiyo hupigiwa hesabu upande mmoja tu wa meza.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1952 mwanatakwimu Mwingereza, Norman Bailey, alichapisha utafiti kuhusu foleni za wagonjwa wa nje hospitalini. Pendekezo lake linafundishwa mpaka leo: waite wagonjwa wawili saa ileile kliniki inapofunguliwa, halafu waliobaki uwape nafasi mmoja mmoja, kila baada ya muda unaolingana na wastani wa kumhudumia mtu mmoja. Kwa nini wawili? Ili mmoja akichelewa, daktari asikae bure. Bailey hakuwa mtu wa kuwadharau wagonjwa. Alikuwa akitafuta namna ya kupunguza misululu iliyokuwa mirefu kupita kiasi. Lakini yule mgonjwa wa pili, aliyeamka mapema na kufika kwa wakati, muda wake umewekwa akiba kwa ajili ya daktari, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Mbinu zimezidi tangu hapo. Kliniki nyingi huandikisha watu kuliko nafasi zilizopo, kwa kujua kwamba wachache hawatatokea. Sasa kliniki inayofanya hivyo, kisha ikamtoza asiyefika, hasara yake ni ipi? Nafasi yake imeshajazwa na mwenzake aliyekuwa benchi. Nchini Marekani wamefika hatua ya kutumia programu za kompyuta kubashiri nani hatafika, ili saa yake apewe na mtu mwingine pia. Watafiti walipozichunguza waligundua kwamba wagonjwa weusi ndio waliokuwa wakiishia kusubiri zaidi, kwa kuwa ndio waliobashiriwa kutofika. Mtu amefika, yupo pale na kadi yake mkononi, anasubiri kwa kosa ambalo hakulifanya.

Mashirika ya ndege nayo huuza tiketi kuliko viti. Lakini kwa kanuni namba 261 ya mwaka 2004, Umoja wa Ulaya uliamua kwamba abiria anayezuiwa kupanda bila ridhaa yake alipwe kati ya euro 250 na 600 kulingana na umbali wa safari. Mgonjwa aliyekaa benchi asubuhi nzima hupewa pole, tena akibahatika kumpata mhudumu mwenye moyo.

Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho (jambo la nadra), kisha akasema: "Kaka, mimi sipangi watu wawili saa moja." Ni kweli, hapangi. Hoja hiyo kwake haina nguvu, nikaiacha.

Nikamuuliza swali jingine: hiyo ada itawafanya waje? Denmark walilijaribu jambo hili kisawasawa, katika kliniki ya mifupa ya hospitali ya umma. Baadhi ya wagonjwa waliarifiwa kwamba wasipofika watatozwa krona 250, wengine hawakuambiwa kitu. Waliokosa miadi walikuwa kama asilimia 5 pande zote mbili. Ada haikumleta mtu. London, kwa upande mwingine, hospitali za Barts Health zilibadilisha maneno tu ya ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa tarehe yake, zikamtajia gharama ambayo mfumo wa afya unaipata mtu asipofika. Wasiofika walishuka kutoka asilimia 11.1 hadi 8.4, bila mtu kukatwa hata senti. Rishi Sunak, alipokuwa akiwania uwaziri mkuu wa Uingereza, aliahidi mwaka 2022 kuwatoza pauni 10 wanaokosa miadi ya daktari, na alipoingia madarakani aliachana na ahadi hiyo mwaka huohuo.

"Mimi sitaki kuwatisha," akasema. "Nataka kufidiwa." Hapo amenishika, nakiri. Fidia na adhabu ni vitu viwili, na mtu aliyejiajiri ana haki ya kudai ya kwanza. Ila fidia nayo hutegemea kama aliyekosa alikuwa na njia ya kutoa taarifa. Hospitali anayotibiwa baba yetu hutuma ujumbe wa kumkumbusha siku mbili kabla, na mwisho wa ujumbe kuna maneno haya: usijibu ujumbe huu. Namba ya mapokezi iliyoandikwa kwenye kadi ukiipiga, unapigiwa muziki mpaka salio likuishie. Mtu wa namna hiyo ukimdai saa 24, unamdai alichonyimwa nafasi ya kukupa.

Kilichonigusa zaidi ni daftari lake la miadi. Pembeni ya kila jina la aliyekosa ameandika sababu kwa kalamu nyekundu, herufi ndogondogo: "mtoto ana homa", "bosi amekataa", "amesahau", "nauli", "hapokei". Nilipolipitia niliona waliosahau kweli ni wachache. Wengi ni watu ambao maisha yao hayako mikononi mwao: anayelipwa kwa siku, anayemuuguza mwingine, asiye na wa kumwachia mtoto. Labda ndiyo maana Marekani, pamoja na kwamba ada hizi huko ni jambo la kawaida, watoa huduma hawaruhusiwi kumtoza aliyekosa miadi ikiwa anatibiwa chini ya Medicaid, mpango wa serikali kwa wenye kipato kidogo.

Nikaangalia daftari hilohilo kwa jicho jingine. Kuna saa ya miadi, kuna jina, kuna simu, kuna sababu ya kutofika. Hakuna mahali palipoandikwa mgonjwa aliingia saa ngapi hasa. Anajua kila saa aliyopotezewa, lakini aliyowapotezea wenzake haimo popote. Nikamwonyesha.

Alinyamaza kidogo, kisha akanirudia: "Mtu akiwa kitandani maumivu yamemzidi, nimtoe nje kwa kuwa saa yake imekwisha? Nachelewa kwa sababu ya mgonjwa, sichelewi kwa sababu ya chai." Nikamwambia hiyo ndiyo dharura, na naikubali. Basi na mgonjwa aliyebaki nyumbani na mtoto mwenye homa, dharura yake iandikwe kwa wino uleule. Akasema huwa anawasamehe. Najua huwasamehe, ni mtu mwepesi wa huruma. Ila msamaha wake hauko kwenye fomu, na anayepata ni yule mwenye ujasiri wa kuomba. Mwenye haya atalipa, au hatarudi tena na goti lake lile.

Mwishowe tulikubaliana baadhi ya mambo. Mara ya kwanza haitatozwa, na hilo litaandikwa. Namba ya kliniki itapokea ujumbe wa maandishi, usiku hata alfajiri, na ujumbe huo utahesabika kuwa taarifa. Nilipopendekeza kwamba akimchelewesha mtu zaidi ya nusu saa ampunguzie gharama kwa kiwango kilekile cha ada, alicheka mpaka akakohoa. Amekataa katakata. Amekubali tu kuongeza safu moja kwenye daftari, ya saa mgonjwa anayoingia chumbani, kwa mwezi mmoja, na amenionya kwamba mwezi ukiisha nisije nikamdai pesa kwa niaba ya watu ambao hawajanituma.