Chuma Kisichosuguliwa

Jumamosi, usiku

Nimemaliza kuifungua yote mezani. Ni rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya jeshi la Ufaransa, modeli ya 1873, kazi ya kiwanda cha silaha cha mji wa Saint-Étienne. Unalegeza parafujo, unatoa vibao vya mpini na bamba la ubavu wa kushoto, na mtambo mzima unakuwa wazi mbele yako: nyundo, kifyatulio, kamani kubwa iliyopinda, kila kimoja mahali pake. Nimevipitisha vipande chini ya taa nikitafuta namba. Fremu, mtutu, silinda, zote zina herufi ile ile na tarakimu zile zile. Kwa miaka karibu mia na hamsini hakuna aliyezitenganisha. Furaha niliyonayo usiku huu ni vigumu kumweleza mtu asiyekusanya vitu vya zamani.

Sokoni leo zilikuwapo mbili za modeli hii. Moja ilikuwa imesuguliwa iking'aa kama kijiko kipya na ndiyo iliyokuwa na bei ya juu, watu wameizunguka. Nyingine ilikuwa na madoa ya kijivu, mdomo wa mtutu umelika upande mmoja kwa kuingizwa na kutolewa kwenye ala ya ngozi. Nimechukua hii ya pili bila kusita.

Modeli ya 1873 ndiyo inayoonewa kuliko zote kwa jambo hili la kusugua. Bastola nyingi za wakati ule zilitiwa rangi ya buluu iliyokoza, na mtu akizisugua rangi inatoka na kila mnunuzi anaona uharibifu. Hii askari walipewa ikiwa chuma cheupe kitupu. Basi muuzaji anajiambia kwamba akiipitisha kwenye gurudumu la kung'arishia anairudisha ilivyokuwa. Sivyo hata kidogo. Fundi wa kiwandani alisawazisha chuma kwanza, na kingo akaziacha kali, na mihuri ikapigwa ikasimama wazi. Gurudumu linalainisha kingo, linapanua midomo ya matundu ya parafujo, na herufi zinafifia mpaka unazisoma kwa kupapasa. Mng'ao unaubakiza, ila kazi ya mikono ya yule fundi imekwenda na vumbi.

Kwenye hii yangu bado nasoma kila kitu. Upande wa kulia wa fremu kuna jina la kiwanda kwa mwandiko wa kuvutia, herufi za kulala. Juu ya mtutu, modeli. Ubavuni mwa mtutu, S na mwaka 1876. Na hapa na pale, vijiherufi ndani ya viduara: mihuri ya wakaguzi. Hivi vijiduara ndivyo ninavyovipenda zaidi. Kila kimoja ni mtu aliyeshika kipande hiki, akakitazama, akaridhika.

Saint-Étienne walitengeneza bunduki za mfalme tangu 1764, na kiwanda kilikuja kufungwa 2001. Majengo yake leo ni kituo cha ubunifu, na kwenye makumbusho ya sanaa na viwanda ya mji kuna mkusanyiko wa silaha unaostahili siku nzima. Ufaransa ilikuwa imetoka kupigwa na Wajerumani katika vita ya 1870 na 1871. Wanamaji wao walikuwa na rivolva ya Lefaucheux tangu 1858, na sasa jeshi la nchi kavu nalo likapata yake, ya mtambo wa kufyatulia uitwao Chamelot-Delvigne: risasi sita za milimita 11, baruti nyeusi. Chuma kilikuwa imara kupita kiasi na risasi ilikuwa dhaifu mno, lawama ambayo haikuisha hata baada ya kuongezwa nguvu 1890. Nadhani udhaifu huo ndio uliozihifadhi. Zilitoka zaidi ya 330,000, na mtambo haukuwahi kuteswa. Ilipokuja modeli ya 1892 ya milimita 8 zikawekwa ghalani, na 1914 zikatolewa tena kwenda vitani.

Jioni nimempigia mama, Tanga. Shikamoo, marahaba, habari za huko, kisha nikamwambia nilichonunua. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, silaha ya Mzungu ya nini ndani ya nyumba?" Nikamwambia haina risasi wala sitatafuta risasi, na sheria ya hapa Ufaransa inamruhusu mtu mzima kuwa na silaha ambayo modeli yake ni ya kabla ya 1900, mradi asitembee nayo barabarani. Akasema haya, lakini najua hakuulizia sheria.

Swali lake nimekuwa nalo muda mrefu. Mwaka 1890, tarehe 2 Julai, mataifa yalitia saini mkataba Brussels, na Zanzibar ikiwa mmoja wa washiriki. Ndani yake ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa katika eneo la Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Pwani yetu yote imo humo. Kilichoachwa kiuzwe kwa Waafrika ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Rivolva ilipita kiunoni mwa ofisa na mwa msafiri mwenye kibali. Sababu iliyotajwa ni kuzuia biashara ya watumwa, na biashara hiyo ilikuwa ovu kweli, silaha ziliichochea. Lakini mkataba huo huo ulihakikisha kwamba mwenye kuja kutawala ana risasi sita mkononi, na mwenye nchi ana moja, tena ya kushindilia mdomoni.

Kwa hiyo nikiishika hii sioni pambo. Naona kitu ambacho babu wa babu yangu alikatazwa kukimiliki, nami leo nakifungua, nakisoma namba, nakitia mafuta. Nataka kukijua kuliko alivyokijua aliyekibeba. Na ndiyo maana vilevile siwezi kukisugua: ushahidi hausafishwi ukapendeza.

Kutu nyekundu tu ndiyo nimeiondoa, kwa mafuta mepesi na kitambaa cha pamba, taratibu. Ile ya kijivu imetulia, nimeiacha. Mbao za mpini nimezifuta vumbi kwenye michoro yake ya mistari inayopishana, basi.

Inayofuata naitaka ama ya maofisa ya 1874, nyepesi zaidi, yenye silinda ya mifereji, au ya wanamaji yenye muhuri wa nanga. Ya nanga inaghushiwa sana. Mtu anapiga muhuri kwenye bastola ya kawaida na bei inapaa, kwa hiyo kabla ya kuitazama nanga nitakagua vyumba vya silinda, maana ya wanamaji ilichongwa kwa risasi nyingine.