Nyama choma ya watu 30 Dodoma: pima wavu kabla ya kununua mbuzi

Menyu nyingi za nyama choma huharibika kabla mkaa haujawashwa. Mtu anaorodhesha mbuzi, kuku, mishkaki, samaki na soseji, kisha siku yenyewe vyote vinagombea wavu mmoja. Jua linazama, wageni wanapewa kuku mwenye damu mfupani na mbuzi aliyekauka kama kamba. Anza na wavu.

Jiko la pipa, lile la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, lina nafasi ya kama sentimita 88 kwa 57. Upande mmoja lazima uwe na makaa machache, ili mafuta yakishika moto upate pa kuhamishia nyama. Hapo zinakaa kilo 6 hivi za mbuzi kwa mkupuo mmoja. Watu wazima 30, kila mmoja nusu kilo ya nyama mbichi yenye mfupa, ni kilo 15, na karibu theluthi moja ya uzito huo itapotea kwa maji na mafuta. Jiko moja haliwezi kuitoa yote kwa wakati. Panga jiko la pipa kwa ajili ya mbuzi, jiko dogo la mkaa kwa mishkaki, na gesi ya supu na ugali. Aina mbili za nyama zinatosha kabisa. Kuku mwongeze pale tu unapokuwa na jiko la tatu na mtu wa kulisimamia.

Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa nyama yenye mfupa kilo 11 hadi 12. Mnada wa Msalato ni Jumamosi, kwa hiyo sherehe ya Jumapili inapangika vizuri. Mfungue mdomo umwangalie meno ya mbele ya chini: mwenye meno mawili tu makubwa yaliyobadilika ana umri wa mwaka mmoja na kidogo, na nyama yake bado laini. Akiwa na manne au zaidi, mpeleke kwenye supu. Beberu asiyehasiwa mwache, harufu yake haiondolewi na ndimu wala tangawizi. Achinjwe mahali ambapo mkaguzi wa nyama ataiona, na achinjwe na Mwislamu ili wageni wote wale. Kitimoto ikiwepo, iwe na jiko lake, kisu chake na kibao chake, mbali na vingine.

Achinjwe jioni ya kuamkia sherehe. Mbuzi aliyechinjwa asubuhi na kuwekwa motoni mchana huwa mgumu hata achomwe na fundi, kwa sababu misuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa na huhitaji muda kulegea. Nyama ilale kwenye friji, ikiwa imefunikwa. Joto la Oktoba na Novemba halisamehe nyama iliyotundikwa nje usiku kucha.

Mkaa nunua debe mbili na nusu. Washa kwa vijiti vikavu na karatasi. Mfuko wa plastiki hapana kabisa, moshi wake ni sumu na unanata kwenye nyama. Subiri mpaka makaa yapate jivu jeupe juu, kama dakika 30. Kisha weka kiganja juu ya wavu, umbali wa shubiri moja: ukiweza kuhesabu hadi tano kabla hujaondoa mkono, moto ni wa mapaja. Ukiondoa kwenye mbili, huo ni wa mishkaki. Upepo wetu wa Juni hadi Agosti hula mkaa haraka na kumwaga vumbi kwenye chakula, na kwa kawaida hutoka mashariki, hivyo simamisha bati upande huo. Ndoo ya mchanga ikae karibu, maana majani ya kiangazi hayahitaji zaidi ya cheche moja.

Tuseme wageni wanafika saa 9 alasiri. Supu ya kichwa, shingo na miguu (vikishababuliwa manyoya na kukwanguliwa vizuri) iwe jikoni tangu saa 4 asubuhi. Pipa liwashwe saa 7 kamili. Saa 7 na nusu weka mapaja mawili na mikono miwili, paja likiwa limepasuliwa kufuata mfupa ili unene wake ulingane. Watu wengi hulichanja chanja kila mahali ili liive upesi, na hapo ndipo maji yote yanapotoka. Yape dakika 75 hadi 90, ukigeuza kila dakika kumi. Mbavu na mgongo huingia mapaja yakitoka, dakika 40 hivi. Maini na figo zichomwe wageni wakiwa wanakaa, ziliwe pamoja na supu. Hizo ndizo zinazokupa nafasi ya kutoharakisha paja.

Mbuzi hahitaji viungo. Yeyusha kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwenye nusu lita ya maji, kamulia ndimu mbili, na unyunyize katika dakika 20 za mwisho.

Mishkaki ni kilo 3 za ng'ombe, vipande vya sentimita mbili na nusu, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi lililosagwa. Hapo kwenye papai ndipo watu wanapokosea. Vijiko viwili vikubwa kwa kilo, nusu saa hadi dakika 45, basi. Ukiiacha usiku kucha nyama inakuwa uji: ukiishika inapakaa vidoleni, na kwenye kijiti haishiki.

Ugali: unga kilo 4, maji lita 8 hivi, upikwe kwa sufuria mbili kwani moja itamshinda mpishi, kisha uingie kwenye hotpoti. Ndizi za kuchoma 40. Ningeweka pia chungu kidogo cha mlenda wenye karanga, kwani wazee wa Kigogo watautafuta kabla ya kachumbari. Kachumbari yenyewe ni nyanya kilo 3 na vitunguu kilo moja na nusu. Vitunguu visuguliwe chumvi, vikae dakika kumi, visuuzwe mara mbili. Nyanya, ndimu na pilipili vichanganywe nyama ikiwa tayari kwenye kibao, la sivyo chumvi inavuta maji na unabaki na mchuzi baridi.

Kinywaji, ubuyu nusu kilo hutoa lita 4. Zabibu ziwe baridi, zije mwisho.

Nyama ikitoka motoni ipumzike dakika kumi kabla ya kisu. Katakata ukikinga nyuzi, kidogo kidogo, sahani kwa sahani. Ukikata paja zima kwa mara moja, nusu yake itakuwa imepoa kabla haijafika meza ya pili, na mafuta ya mbuzi yakipoa huganda mdomoni. Mifupa iliyobaki kusanya usiku huohuo, weka kwenye friji, na asubuhi una supu nyingine.