Mwanangu kazaliwa tarehe 21 Mei, siku ya MV Bukoba. Hivi ndo tulivyoipata siku yetu

Binti yangu alizaliwa tarehe 21 Mei 2014 hapa Mwanza, na mtu wa kanda ya ziwa ukimtajia tu hiyo tarehe anajua unaongelea nini. Jumanne asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakuja Mwanza kutokea Bukoba na Kemondo, meli ya abiria 430 ikiwa imejaza watu ambao idadi yao hadi leo inabishaniwa, waliokufa ni zaidi ya 800. Mama mkwe wangu ni Mhaya, tunaishi nae Nyakato, na mdogo wake wa mwisho alikuwa humo ndani. Hakutambuliwa. Labda yupo Igoma kwenye makaburi ya pamoja, labda yupo ziwani, mama hajui, anachojua ni kwamba alikuwa anamletea ndizi.

Sa siku hiyo hiyo ndo akapata mjukuu.

Miaka ya mwanzo tulikuwa tunairuka tu. Mama anaamka alfajiri anawasha mshumaa, haongei, redio haiwashwi, na mi keki nanunua jumamosi inayofuata, mtoto mdogo hajui lolote. Alivyojua kusoma kalenda ndo shida ikaanza. 2021 nikasema liwalo na liwe, nikaleta keki na maputo jioni ya tarehe yenyewe, tukaanza kumwimbia, mama akanyanyuka taratibu akaingia chumbani akafunga mlango. Hakugomba wala nini. Mtoto akaniuliza mama, kwani bibi hanipendi? Nilikosea kiukweli, sikumshirikisha mtu mzima, nilidhani keki itausukuma msiba pembeni.

Alafu mwanzoni mwa 2023 akarudi shule analia, wenzake wamemwambia amezaliwa siku ya maiti ana mkosi. Usiku ule sikulala, nikaingia intaneti nikaandika tu tarehe 21 Mei, nataka kuona kama kuna kitu kingine chochote kwenye hiyo siku ambacho naweza kumpa mtoto.

Vipo vingi jamani. FIFA ilianzishwa Paris tarehe 21 Mei 1904, na nchi saba tu za Ulaya. 1927 Charles Lindbergh akatua Paris peke yake kwenye ndege kutokea New York, saa 33 na nusu angani bila kulala, alafu 1932 tarehe hiyo hiyo Amelia Earhart akatua Ireland ya Kaskazini, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki akirusha ndege peke yake. Huyo binti yangu alimpenda papo hapo. Kuna siku ya Umoja wa Mataifa ya utamaduni mbalimbali, na kuna Siku ya Chai Duniani, hii ilipitishwa 2019 kwa sababu nchi nyingi msimu wa chai unaanza Mei. Wamarekani nao wana siku zao za kila kitu, tarehe hiyo ni siku ya stroberi na krimu na pia siku ya maweita. Hizi za Marekani usizichukulie sawa na zile za Umoja wa Mataifa, nyingi mtu au kampuni anaanzisha tu zikaenea, ila ya maweita tuliibakiza kwa sababu mama yake mdogo ni weita na hakuna anayemkumbukaga kumshukuru.

Tukanunua daftari kubwa, kila ukurasa kitu kimoja, nasoma yeye anaandika na kuchora. Na MV Bukoba tuliiweka, ukurasa wa kwanza kabisa, sikutaka ajifunze kuificha.

Siku moja namsomea habari za Chile, mama yupo pale kwenye mkeka anachambua maharage. Kule tarehe 21 Mei ni sikukuu ya taifa, wanakumbuka meli yao Esmeralda iliyozama vitani Iquique mwaka 1879, ilikuwa ya mbao ikagongwa na Huáscar ya Peru ambayo ni ya chuma, nahodha wake Arturo Prat akafa kwenye sitaha ya adui. Kamanda wa Peru, Miguel Grau, akamwandikia barua mjane wa Prat akamrudishia upanga wa mumewe na vitu vyake vingine.

Mama akasimamisha mikono. "Mama Koku, waitu, hebu rudia hapo. Alirudishiwa vitu?"

"Ndiyo mama, upanga na vitu vyake."

Akakaa kimya muda mrefu. "Mi sikurudishiwa hata kiatu."

Tangu niolewe sijawahi kumsikia akiongea habari za siku ile. Nikamwambia mama, ile ilikuwa vita, haifanani na yetu, akasema najua, lakini kumbe kuna mtu alifikiria kumrudishia. Alafu akaanza kutuhadithia mdogo wake, jinsi alivyokuwa mrefu, alivyokuwa anapiga filimbi akioga, na kwamba chai alikuwa anaweka sukari vijiko vitano mpaka watu wanamficha sukari. Mtoto akaruka, bibi, siku yangu ni siku ya chai!

Basi tukapanga, na safari hii mpangilio aliutoa mama. Bahati nzuri 21 Mei 2023 ilikuwa jumapili. Misa ya kwanza, alafu hiace hadi Igoma, mtoto kwa mara ya kwanza, yeye ndo kabeba maua, bibi akamwonyesha akamwambia hapa sema jina la babu yako. Tukarudi nyumbani mchana kimya kimya. Saa kumi ndo chai ya maziwa na tangawizi, vitumbua, mama mdogo kakalishwa anahudumiwa, alafu keki, na muziki ukawashwa baada ya bibi kusema washeni. Jumatatu akabeba daftari shule, mwalimu wake nilishaongea nae, akalisoma mbele ya darasa kuanzia ule ukurasa wa kwanza. Wale waliomwambia ana mkosi wakaanza kuuliza tarehe zao zina nini.

Mpaka sasa tunafanya hivo hivo, hata ikiangukia siku ya shule, Igoma tunawahi alfajiri. Kilichoongezeka ni kikombe kimoja cha ziada mezani, mama anaweka sukari vijiko vitano anakoroga mwenyewe, hakinywi mtu, na keki ikishakatwa binti yangu anakichukua anaenda kukimimina kwenye mgomba nyuma ya nyumba.