Bibi Lavoisier na kitabu cha Kirwan

Nimemaliza kusoma wasifu wa mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier na mkewe Marie-Anne Paulze, kitabu nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta na kukisoma zaidi ndani ya mwendokasi, kati ya Kimara na Kivukoni. Kimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida na kinasomeka vizuri, ingawa mwandishi amezidisha mapenzi na damu: ndoa ya mwaka 1771, bibi harusi akiwa na miaka 13 na bwana harusi 28, kisha gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, ya tarehe 8 Mei 1794, iliyomnyang'anya Marie-Anne mume na baba kwa siku moja.

Mimi nilinaswa na kurasa chache zinazouhusu mwaka 1788. Wanakemia wengi wa wakati huo waliamini kwamba kitu kikiungua hutoa dutu iitwayo flojistoni, lakini Lavoisier, kwa kupima uzito kabla na baada ya kuungua, alishikilia kwamba kitu hicho hujiunga na oksijeni ya hewani. Richard Kirwan wa Ireland alikuwa ameandika kitabu cha kuitetea flojistoni. Marie-Anne, aliyejifunza Kiingereza ambacho mumewe hakukimudu, alikitafsiri kwa Kifaransa na kukiongezea maelezo yake, huku Lavoisier na wenzake wakizijibu hoja za Kirwan humo humo ndani ya kitabu chake. Ujasiri ulioje! Ukurasa wa mbele uliwataja wanaume hao wote, mfasiri hakutajwa. Miaka mitatu baadaye Kirwan mwenyewe aliiacha flojistoni.

Katika kitabu kikuu cha Lavoisier cha mwaka 1789, angalau, michoro 13 ya vyombo vya maabara ina sahihi ya Marie-Anne: Paulze Lavoisier.

Suala la fedha limepitiwa haraka mno. Mizani ya gharama kubwa aliyoitumia Lavoisier kupimia ilitokana na pato la kampuni iliyokusanya kodi kwa niaba ya mfalme, ambamo mume na baba mkwe wote wawili walikuwa wanahisa, na hilo ndilo lililowapeleka kwenye gilotini. Msomaji yeyote wa hapa Dar es Salaam angependa kujua wananchi walitozwa nini, lakini mwandishi ameona heri atuoneshe mavazi. Hata ndoa ya pili ya Marie-Anne, na mwanasayansi Count Rumford mwaka 1805, imepewa sura nzima, ilhali ilivunjika baada ya miaka michache na bibi hakukubali hata kuliacha jina la Lavoisier.