Mkono mbovu na silaha ya nyumbani: kwa nini nilichukua rivolva

Mkono wangu wa kushoto ulipasuliwa kwenye kifundo miaka kadhaa iliyopita. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na kule kuinua na kugeuza watu wazima usiku kucha kulikuwa kumebana mshipa wa fahamu unaopita pale. Maumivu yaliisha, nguvu haikurudi yote. Kwa hiyo anayeniuliza kwa nini zama hizi za bastola za risasi 15 mimi nimeweka ndani rivolva, ile yenye silinda inayozunguka, ya risasi sita, jibu lake liko kwenye mkono huo. Si mapenzi ya vitu vya kale, wala si sinema za makauboi.

Naishi nje kidogo ya Houston, Texas, peke yangu tangu watoto waondoke. Nimezaliwa na kukulia Tanga, na huko bunduki pekee niliyowahi kuisogelea ni ya mlinzi wa benki. Nyumbani ukitaka silaha unaomba kibali, unaeleza sababu, unasubiri. Hapa mkaazi wa kudumu kama mimi anajaza fomu namba 4473 dukani, muuzaji anawasiliana na mfumo wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, wa kukagua rekodi, na jibu likirudi safi unaondoka na mzigo wako. Tangu Septemba 2021, wengi wa wenye miaka 21 na kuendelea hawahitaji hata leseni ya kutembea nayo. Urahisi huo ndio ulionitia hofu, maana hakuna anayekuuliza kama unajua kuitumia. Nikajiwekea sharti: sinunui kitu ambacho sijakikodi na kukipiga mwenyewe. Viwanja vingi vya shabaha vya ndani hukodisha bastola za kila aina, unalipia muda na risasi basi.

Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, aliposikia akaja mbio.

"Shikamoo Shangazi. Nasikia unafikiria rivolva. Ile si ya kuweka makumbusho?"

"Marahaba mwanangu. Lete hiyo yako niikoki mwenyewe, halafu tuongee."

Ana Glock 19, bastola ya magazini. Aliitoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akahakikisha mtutu uko mtupu, akanipa. Hapo ndipo penye shughuli. Bastola ya magazini, ili risasi ya kwanza iingie kwenye mtutu, lazima uvute nyuma kile chuma cha juu chenye springi kali kisha ukiachie; ndiko kukoki. Nilivuta kikasogea nusu, kikanikatalia. "Kwa nguvu, Shangazi!" Nguvu ipi?

Baadaye mwalimu niliyempata uwanjani, polisi mstaafu aliyeanza kazi enzi za rivolva, alinionyesha njia nzuri zaidi: usivute kwa vidole viwili, kamata chuma kwa kiganja kizima cha kushoto, kiweke karibu na kifua, halafu mkono wa kulia ndio usukume bastola mbele. Inasaidia sana, na nawashauri wanawake wote wanaoambiwa hawana nguvu waijaribu kabla ya kukata tamaa. Kwangu ilifanya kazi siku ambazo mkono umelegea vizuri. Alfajiri nikitoka zamu, vidole vikiwa vimekakamaa, haikufanya. Na mwizi hapangi miadi na vidole vyangu.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo sikulijua mpaka nilipolipata. Bastola ya magazini hutumia msukumo wa risasi yenyewe kurudisha kile chuma nyuma, kutupa ganda na kupandisha risasi nyingine. Ili hayo yatokee, kifundo cha anayeishika lazima kikaze. Kikilegea, bastola yote inarudi nyuma pamoja na chuma chake, safari haikamiliki, na ganda linabanwa mlangoni. Lilinitokea mara nyingi kiasi cha kumfanya kijana wa zamu pale aache kushangaa. Kulitoa ganda lililobanwa kunahitaji mkono wa kushoto. Tumerudi kulekule.

Sasa wauzaji. Kuna duka nililoingia, hata sijamaliza salamu, muuzaji ameshaniwekea mezani karivolva kadogo: ka kike, ka mkobani, hakana mambo mengi. Ushauri huo utausikia nchi nzima hii, na kwa maoni yangu ni ushauri mbovu kuliko wote anaopewa mwanamke anayeanza. Nilikakodi kenye umbo hilohilo: bodi ya alumini, mtutu wa inchi 2 hivi, risasi tano, uzito chini ya nusu kilo. Hakana mambo mengi ni kweli. Lakini tazama hesabu yake. Triga ya rivolva ukiivuta moja kwa moja inadai nguvu ya kilo tano hivi, kwa sababu kidole kimoja kinafanya kazi mbili, kuzungusha silinda na kuinua nyundo inayoilipua risasi. Ile ya Glock inadai kama nusu ya hapo. Ukitumia nguvu ya kilo tano kuvuta kitu chenye uzito wa nusu kilo, kitatulia vipi? Kinayumba kabla risasi haijatoka. Ikitoka, chuma kile chepesi kinapiga teke lote kwenye ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Cha kulengea ni mfereji mwembamba juu ya chuma. Nilipovuta karatasi yangu ya shabaha kutoka umbali wa mita saba, baadhi ya matundu hata sikuyaona. Waliobobea wanakapiga vizuri ajabu na wana haki ya kukapenda. Anayeanza kanamfundisha kuogopa mlio, na hofu hiyo ikiingia kwenye kidole kuitoa ni kazi.

Mwalimu ndiye aliyeniuliza swali la maana. "Mama, utatembea nayo?" Nikamwambia hapana. Kazini hairuhusiwi, nyumba za wagonjwa siingii na silaha, na nusu ya milango ya mji huu ina bango linalokataza. Itakaa nyumbani. "Basi uzito unaukimbia wa nini?"

Akaniletea Smith & Wesson Model 10, mtutu wa inchi 4, chuma kitupu, karibu kilo moja. Silaha hiyo ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, ikitumia risasi za .38 Special, na zimetengenezwa zaidi ya milioni 6. Kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa kiunoni mwa polisi wa Marekani, ndiyo maana zilizotumika bado zinapatikana kwenye kabati za mitumba. Uzito uleule unaowachosha wabebaji ndio ulionibebea mimi teke. Nikaijaza risasi laini zenye ncha bapa, zile za mashindano, ambazo zinakata karatasi matundu ya duara safi. Ilinisukuma tu, haikunipiga. Mara ya kwanza maishani nikaona matundu yangu yamekaa jirani.

Triga nzito ilibaki, na hiyo ndiyo niliyolazimika kuisomea. Nilinunua risasi bandia za plastiki, na jioni, baada ya kuthibitisha kwamba za kweli ziko chumba kingine, nilikaa nikilenga ukuta wa matofali. Sarafu juu ya mtutu, nyuma ya kile kidole cha kulengea. Unavuta taratibu, bila kusita katikati, silinda inazunguka, unasikia kijichuma kikiingia kwenye nafasi yake, nyundo inaanguka. Sarafu ikidondoka, umeyumba. Mwanzoni ilidondoka kabla hata nyundo haijafika nusu ya safari. Siri niliyopewa ni kwamba usiivute kwa ncha ya kidole kama triga nyepesi. Ingiza kidole mpaka karibu na kiungo cha kwanza, na ubane mpini kwa vidole vitatu vya chini kabla ya kuanza, si wakati unavuta. Mkono wa kushoto hapa unashikilia tu, hauvuti kitu, na kushikilia unaweza. Siku sarafu ilipokaa mpaka mwisho mfululizo nilimpigia mpwa wangu simu usiku, akadhani kuna msiba.

Yapo mengine ya kuzoea. Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mdogo, na risasi ikilipuka moto unachomoka pembeni pale. Gumba likipelekwa mbele, jinsi wenye bastola za magazini wanavyozoea, litaungua. Wakati wa kutoa maganda, elekeza mtutu juu kabisa ndipo upige kile kijiti cha kusukumia, mara moja, kwa kiganja. Ukikipiga mtutu ukiwa umelala, chembe za baruti ambazo hazikuungua zinaingia chini ya nyota inayosukuma maganda, na silinda inagoma kufunga. Nalisema hili kwa sababu watu huimba kwamba rivolva haikwami. Hukwama. Tofauti ni kwamba risasi ikikataa kulipuka unavuta tena triga, inakuja nyingine, kwisha. Ila ikikwama kwenye mashine yenyewe, si jambo la kurekebisha ukiwa umesimama; ni la fundi.

Mpwa wangu alinibana na historia, maana vijana wa hapa wote wamesoma tukio la Miami. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wenye bunduki. Maofisa wawili wakafa, watano wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa na rivolva. Mmoja, Gordon McNeill, alipigwa mkononi akashindwa kujaza upya ya kwake. Baada ya hapo FBI wakahamia bastola za magazini, na idara za polisi zikafuata. Polisi wa New York waliziruhusu, za risasi za 9 mm, mwaka 1993, na askari wao wa mwisho wenye rivolva walizirudisha mwaka 2018. Yote kweli, nikamwambia, ila malizia hadithi. Aliyewamaliza majambazi wale ni Edmundo Mireles, mmoja wa maofisa hao, mkono wake wa kushoto umevunjwa kwa risasi, na silaha aliyomalizia nayo ilikuwa rivolva. Akacheka. "Shangazi, yule alikuwa Mireles." Hilo nalo ni kweli, na somo la Miami kwa polisi lilikuwa sahihi. Askari anawafuata watu wenye silaha, anaweza kukutana na zaidi ya mmoja, na kujaza rivolva chini ya risasi ni balaa hata kwa mikono mizima. Ningekuwa askari ningechukua Glock yake bila mjadala. Mimi simfuati mtu. Mpango wangu ni kujifungia chumbani, kupiga 911, namba ya dharura, na kukaa nyuma ya kitanda mpaka wafike.

Kilichonimalizia wasiwasi ni wajukuu. Wanakuja wikiendi, na sheria ya Texas inamshtaki mtu mzima anayeacha silaha iliyojazwa mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 ataifikia. Iko kwenye sanduku la chuma la namba, hilo halina mjadala kwa silaha yoyote. Lakini kila nikiitoa au kuirudisha nataka kujua hali yake kwa jicho moja. Bastola ya magazini unaweza ukatoa magazini, ukaamini iko tupu, kumbe moja imebaki mtutuni. Watu wamekufa kwa hiyo moja. Rivolva nafungua silinda kwa gumba, naona matundu sita na mwanga unapita, au naona makalio sita ya shaba. Hata nikiwa na usingizi wa zamu mbili. Na inaweza kukaa imejazwa miezi bila springi ya magazini ya kuwazia wala kitu cha kukoki. Kwa mtu anayekwenda uwanjani kila wiki faida hizi ni ndogo. Kwa mtu kama mimi, mwenye kwenda akipata nafasi, ndizo zenyewe.

Shoga yangu mmoja wa Mombasa, yuko Dallas, alinipigia akitaka rivolva "kama yako". Nikamwuliza mikono yake ikoje. Mizima. Nikamwambia asinunue kama yangu, akodi kwanza Shield EZ, bastola ya magazini, ile ya Smith & Wesson iliyotoka mwaka 2018 ikiwa na springi nyepesi makusudi; hata mimi niliikoki, na nusura niichukue, isipokuwa alfajiri ile ya vidole kukakamaa. Akaenda, akapiga, akaipenda, akanunua. Risasi nane, triga nyepesi, kujaza ni kubadilisha magazini tu. Tunakwenda uwanjani pamoja akija huku, ananicheka nikiokota risasi moja moja kujaza silinda. Yeye alichukua ya 9 mm, na risasi zake kila dukani ni rahisi kuliko zangu za .38. Hapo hajanisikia nikimbishia.